Wezi Waliorudi Jukwaani: Filamu ya Happy New Year, Nyota Wake na Mji wa Dubai

Tarehe 24 Oktoba 2014, siku moja baada ya sikukuu ya Diwali, majumba ya sinema ya India yalianza kuonyesha Happy New Year, filamu ya Farah Khan inayochanganya mapenzi, wizi, mapigano na vichekesho. Kwa mtazamaji wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam aliyelelewa na sinema za Kihindi, umbo lake halikuwa geni. Yumo steringi mwenye kisasi cha baba yake, yumo adui tajiri, yumo mwanamke anayedharauliwa na steringi kabla ya kupendwa naye, na nyimbo zimo tele. Kigeni kidogo kilikuwa mahali penyewe. Wizi wenyewe haufanyiki katika vichochoro vya Bombay wala bandarini kwake. Unafanyika Dubai, katika hoteli ya Atlantis iliyofunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha Palm Jumeirah, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2001 kwa kumwaga mchanga baharini.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Charlie, anayechezwa na Shah Rukh Khan, ni mtoto wa fundi wa makasha ya usalama aliyefungwa kwa wizi ambao hakuufanya. Aliyemsingizia, Charan Grover, sasa anapeleka almasi za thamani kubwa katika hazina iliyofichwa chini ya hoteli hiyo. Charlie anawakusanya watu walioshindwa na maisha: mvunja makasha mwenye umri mkubwa, askari wa zamani, kijana wa kompyuta na mlevi aliyefanana na mtoto wa Grover kama shilingi kwa ya pili. Njia pekee ya kufika karibu na hazina ni kushiriki mashindano ya dunia ya kucheza dansi, na hakuna kati yao anayejua kucheza. Ndipo anapoingia Mohini, mchezaji wa baa za Mumbai, anayechezwa na Deepika Padukone. Anawafundisha bila kuambiwa kwamba dansi ni kisingizio tu.

Uamuzi wa kuuweka wizi huu Dubai una historia ndefu nyuma yake. Kabla ya mafuta na kabla ya vioo, Dubai ilikuwa mji wa hori. Majahazi yaliingia humo na tende na samaki wakavu yakitoka, na nyumba za zamani za pwani ya Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na delta ya Rufiji. Upana wa chumba cha mfanyabiashara wa Ghuba ulipimwa kwa urefu wa mti uliokatwa Afrika Mashariki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hori hiyohiyo ilipata mzigo mwingine. India ilikuwa imefunga mlango wa kuingiza dhahabu, lakini Dubai haikuwa na katazo hilo. Dhahabu ilinunuliwa kihalali Ulaya, ikaletwa Dubai kihalali, kisha ikapakiwa majahazini na kugeuka magendo pale tu ilipokaribia ufuo wa India. Katika Bombay, ambayo tangu 1995 huitwa Mumbai, biashara hiyo ilizaa matajiri wapya, nao matajiri hao wakazaa aina mpya ya mhusika wa sinema.

Mhusika huyo alipata sura yake iliyokamilika mwaka 1975 katika Deewaar, filamu ya Yash Chopra iliyoandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar. Amitabh Bachchan alicheza kuli wa bandarini anayepanda hadi kuwa mkubwa wa magendo, huku ndugu yake akiwa polisi. Mwisho wake ni kifo. Sheria ya sinema ya wakati huo iliruhusu maskini kuiba kwa sababu ya njaa na uonevu, lakini haikumruhusu kuishi na alichokiiba. Miaka 39 baadaye mwanawe, Abhishek Bachchan, akafika Dubai ya Happy New Year akiwa na nafasi mbili, ya mlevi Nandu na ya Vicky Grover, mtoto wa tajiri. Baba alikuwa amebeba uchungu wa bandari nzima. Mtoto alibeba vichekesho. Abhishek, aliyeanza na Refugee mwaka 2000 na kusifiwa kwa Guru mwaka 2007, ameishi maisha yake yote ya kazi akipimwa kwa kivuli hicho. Katika kucheza maskini na tajiri kwa uso mmoja, kuna hali yake mwenyewe: uso aliourithi ndio uliomfungulia mlango, na ndio uliomzuia asionekane peke yake.

Uhalifu haukubaki ndani ya hadithi. Katika miaka ya 1980 na 1990 fedha za magenge ziliingia katika utengenezaji wa filamu za Bombay, na baadhi ya vigogo wa magenge hayo waliishi Ghuba. Mwezi Agosti 1997 mfanyabiashara mkubwa wa muziki, Gulshan Kumar, aliuawa kwa risasi mjini humo. Mwaka uliofuata serikali ya India ilitangaza kuitambua sinema kuwa tasnia rasmi, hatua iliyowafungulia watengenezaji njia ya mikopo ya benki. Kwa hiyo Dubai ya mwaka 2014 iliyojaa mabango, wafadhili na hoteli haikuwa mandhari tu. Ilikuwa tangazo kwamba fedha za sinema sasa zaweza kuonekana mchana.

Hapo ndipo njia ya Shah Rukh Khan inapoeleweka. Alizaliwa Delhi mwaka 1965, hakutoka katika ukoo wa sinema, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa alipohamia Bombay. Mwaka 1993, katika Baazigar, alicheza kijana anayelipiza kisasi kwa mtu aliyemwibia baba yake kila kitu. Kijana huyo anaua wasio na hatia, na mwisho anakufa mikononi mwa mama yake. Ni kisa kilekile cha Happy New Year: baba aliyedhulumiwa, mshirika msaliti, mtoto aliyekua na jina la kusafisha. Ila katika miaka 21 iliyopita kati ya filamu hizo, damu imegeuka dansi. Msemo wa vibanda umiza kwamba steringi hafi ulivunjwa na Baazigar; Happy New Year iliurudisha kwa heshima zote. Kijana asiye na mtu alikuwa amekuwa taasisi, na taasisi hazifi kwenye skrini. Mwaka 2016 idara ya utalii ya Dubai ilimtumia kuukaribisha ulimwengu mjini, na Novemba 2019 jengo la Burj Khalifa liliwashwa taa kwa siku yake ya kuzaliwa.

Jackie Shroff, anayecheza Grover, alikuwa amepita njia hiyo kinyumenyume. Alikulia katika nyumba za kupanga za watu wa hali ya chini mjini Bombay, na mwaka 1983 filamu ya Hero ilimpa jina kwa nafasi ya mhuni anayeongoka kwa mapenzi. Mhuni wa jana ndiye tajiri mwovu wa leo.

Lakini uzito wa filamu umo kwa Mohini. Serikali ya jimbo la Maharashtra ilipiga marufuku wanawake kucheza dansi katika baa mwaka 2005, na maelfu wakapoteza riziki. Mahakama Kuu ya nchi iliitengua marufuku hiyo Julai 2013, na Juni 2014, miezi minne kabla ya filamu kutoka, jimbo likapitisha sheria nyingine ya kuirudisha. Mohini basi ni mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kesi mahakamani. Filamu inamdhihaki kwa Kiingereza chake na kwa kazi yake, na kamera inamtazama kwa tamaa ileile inayodai kuilaumu. Hata hivyo kuna tukio ambapo anamsikia Charlie akimwita mwanamke wa sokoni, naye hainamishi kichwa. Heshima ndiyo anayoidai, kuliko mapenzi.

Deepika, binti wa bingwa wa badminton Prakash Padukone, alikuwa ameingia katika sinema ya Kihindi kwa Om Shanti Om mwaka 2007, chini ya mwongozaji huyuhuyu na mbele ya steringi huyuhuyu. Septemba 2014 gazeti moja kubwa la India lilichapisha mtandaoni picha ya kifua chake kama habari, naye akajibu hadharani kwa ukali kwamba yeye ni mwanamke na hana cha kuombea radhi. Mwaka 2015 alieleza kwamba mwaka uliotangulia alikuwa ameugua sonona, akaanzisha taasisi ya kusaidia wenye maradhi ya akili. Mbele ya maneno hayo, machozi ya Mohini yanasomeka upya.

Kitu kimoja filamu haikuonyesha: mikono inayoiendesha Dubai. Wakazi wengi mno wa mji huo ni wageni, Wahindi wakiwa wengi kuliko wote, na Kiswahili husikika Deira kwa wafanyabiashara, walinzi na wahudumu wa hoteli, na kwa familia zilizohama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka mmoja baadaye, filamu ya Kimalayalam Pathemari, iliyopewa jina la jahazi, ilimweka Mammootty katika nafasi ya kibarua anayevuka bahari kwa siri na kuimaliza afya yake Ghuba ili nyumbani wajenge.

Hata hivyo Happy New Year ina jambo moja ambalo mhamiaji analitambua. Wezi wana almasi mkononi na njia ya kutokea imefunguka. Mohini peke yake ndiye aliyebaki na zamu ya kucheza. Wanarudi jukwaani. Wanarudi kwa sababu mtu aliyewafundisha kazi hakustahili kuachwa asimame peke yake mbele ya watu chini ya bendera ya nchi iliyomdharau. Sinema ya mwaka 1975 ilimtoza mwizi uhai wake; hii inamtoza kuaibika pamoja na aliyemwaibisha. Ni bei ndogo, na filamu inailipa kwa furaha kupita kiasi. Lakini katika mji ambao wengi huja kuchukua na kuondoka, kurudi kwa ajili ya mwenzio si jambo dogo.