Waliotaka Kuwamaliza Sungura Ndio Waliotufundisha Kuwapatanisha

Una sungura mmoja, unamwona mpweke, unamletea mwenzake. Unawaweka banda moja ukitegemea jioni utawakuta wamelala ubavu kwa ubavu. Badala yake unakuta manyoya yametapakaa, sikio limechanika, na kama wote ni madume, huenda mmoja ameng'atwa korodani. Mnyama mpole namna hii, ukali huu kautoa wapi?

Jibu lina historia, na historia yenyewe ina kichekesho cha aina yake: sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu ugomvi wa sungura yaligunduliwa na watu waliotafuta namna ya kuwaangamiza.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Sungura wa ngano zetu, yule anayemzidi fisi akili, si huyu wa bandani kwako. Yule wa porini kwetu ni wa jenasi ya Lepus. Hachimbi mashimo, muda mwingi huishi peke yake, na watoto wake huzaliwa na manyoya na macho wazi. Wa kufugwa ni Oryctolagus cuniculus, ambaye asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Huyu huishi kwa makundi mashimoni, na watoto wake huzaliwa uchi na vipofu. Kiswahili kinawaita wote sungura, lakini ukitaka kuelewa vita vya bandani, lazima umfuate huyu wa pili.

Na ukimfuata, utafika Australia. Mwaka 1859 Thomas Austin, tajiri wa mashamba huko Victoria, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza ili apate wanyama wa kuwinda. Ndani ya miaka hamsini hivi walikuwa wametawanyika sehemu kubwa ya bara zima. Kati ya 1901 na 1907 Australia Magharibi ilijenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800 kuwazuia. Haukufua dafu.

Mwaka 1950 wanasayansi wa serikali wakaachia virusi vya miksoma, ambavyo huenezwa na mbu. Mwanzoni vilikuwa vinaua zaidi ya asilimia 99 ya sungura walioambukizwa. Wananchi wakaingiwa na hofu kwamba virusi hivyo vingewadhuru na watu pia. Basi mwaka 1951 wanasayansi watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, wakajidunga virusi hivyo wenyewe. Hawakuugua.

Lakini sungura waliobaki walikuwa wale wenye kinga ya kuzaliwa, na virusi navyo vikapungua makali. Hapo ikawa lazima kumjua adui kwa undani: anaishi vipi, nani anamtawala nani, kundi linajazana vipi upya? Kazi hiyo ikaangukia, pamoja na wengine, Roman Mykytowycz, mtafiti mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi na shirika la utafiti la CSIRO mjini Canberra. Aliweka sungura mwitu ndani ya maeneo yaliyozungushiwa uzio, akawafuatilia mmoja mmoja.

Alichokiona kilibadili picha nzima. Kundi la sungura lina ngazi mbili za madaraka, moja ya madume na nyingine ya majike. Wana eneo lao, na mipaka ya eneo hilo haionekani kwa macho, hunuswa. Chini ya kidevu cha sungura kuna tezi. Anaposugua kidevu kwenye jiwe, mlango au kiatu chako, anaandika jina lake. Mykytowycz alionyesha kwamba madume wenye cheo wana tezi kubwa zaidi na huweka alama mara nyingi zaidi. Mkojo na kinyesi navyo hutoa ujumbe. Na mgeni asiye na harufu ya kundi hufukuzwa, hata akiwa mtoto.

Wakati huohuo kule Wales, Ronald Lockley alikuwa akiwachunguza sungura kwenye shamba la Orielton. Naye mwanzo wake haukuwa wa urafiki, kwani miaka ya nyuma alitaka kuwaondoa sungura mwitu katika kisiwa cha Skokholm. Kitabu chake cha 1964 ndicho alichokitegemea Richard Adams alipoandika riwaya yake maarufu ya sungura, Watership Down, mwaka 1972.

Sasa rudi bandani. Ulipomweka mgeni ndani, wewe uliona nyumba moja yenye nafasi ya wawili. Mwenyeji aliona mvamizi ndani ya eneo ambalo kila kona ina jina lake. Ndiyo maana wafugaji wetu wazoefu humpeleka jike kwenye banda la dume wakati wa kupandisha, si dume kwa jike. Jike hulinda kwake, anaweza kumshambulia dume. Hawakusubiri Canberra iwaambie.

Hatua za kuwapatanisha nazo zinafuata mantiki hiyohiyo. Hasi dume kwanza, kisha subiri wiki kadhaa, maana homoni hazipungui siku moja na kwa muda bado anaweza kumpa jike mimba. Waweke kwenye vizimba viwili jirani, wanusane bila kufikiana kwa meno. Badilishana nyasi zao za kulalia, ili harufu ya mgeni iwe ya kawaida. Halafu wakutanishe mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaweka alama, kwa dakika chache, ukiwa hapohapo. Kufukuzana kidogo na kupandana ni kupanga ngazi tu, vumilia. Masikio yakilala nyuma, mkia ukainuka na wakaanza kurukiana, watenganishe, ila usitumie mikono mitupu. Wakilambana vichwa na kulala pamoja, kazi imeenda vizuri. Jike na dume waliohasiwa wote ndio huwa rahisi zaidi. Madume wawili wazima wasiohasiwa, usijaribu.

Na wapo ambao hawapatani kabisa. Hapo usilazimishe, sungura hashindi hoja kwa kuzoeshwa kipigo. Vizimba viwili vyenye waya katikati vinawatosha: kila mmoja ana eneo lake, na bado anamsikia na kumnusa mwenzake.