UZI: Mbona SGR leo imejaa kontena, kesho reli ni tupu?

1/ Mjadala wa siasa ukifika kwa SGR, lazima mtu atume picha. Huyu anatuma treni ndefu imejaa kontena: "mnaona inafanya kazi?" Yule anatuma reli tupu: "mnaona pesa zetu?" Wasee, picha zote mbili zinaweza kuwa za kweli, tena za wiki moja.

2/ Treni ya mizigo hufuata meli. Meli kubwa ikitia nanga Mombasa, kontena hushushwa kwa mpigo na treni hufuatana siku hizo. Meli zikichelewa baharini, hakuna cha kupakia. Makaratasi yakikwama, kontena inabaki yadi hata kama treni iko tayari.

3/ Halafu reli yenyewe ni ya njia moja. Treni mbili zikikaribiana kutoka pande tofauti, moja hungoja stesheni. Mimi hupita Athi River mara nyingi: unaweza kukaa saa nzima kimya, kisha zikapita mbili karibu karibu. Na nyingi zinazorudi Mombasa hubeba kontena tupu, kwa sababu tunanunua nje kuliko tunavyouza.

4/ Kwa hivyo picha ya siku moja haithibitishi kitu. Swali la siasa ni lingine: reli ikikosa mzigo wa kutosha kulipia gharama yake, nani hulazimishwa kuuleta? Hapo historia yetu iko wazi.

5/ Waingereza walianza kujenga reli ya kwanza Mombasa 1896. Ilifika Nairobi 1899, Kisumu 1901, kwa zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wao. Ikafika ziwani, mzigo hautoshi. Dawa yao? Kuleta walowezi walime mazao ya kuuza nje ili treni ipate cha kubeba. Shamba walilopewa lilikuwa la watu. Ugomvi wa ardhi tunaobishania hadi leo, sehemu yake ilipitia relini.

6/ Miaka ya 1930 malori yakaanza kunyang'anya reli wateja. Serikali ya kikoloni haikushusha tu bei ya treni ishindane. Ilibana malori kwa sheria na leseni.

7/ Sasa SGR. Treni za mizigo zilianza Januari 2018, lakini tayari 2014 kulikuwa na mkataba ambapo bandari iliihakikishia reli kiwango cha chini cha mzigo. Agosti 2019 ikaja amri: kontena za kwenda bara zipande treni. Mombasa watu wakaingia barabarani. Si madereva wa trela peke yao. Kuna mawakala wa forodha, mafundi, na wenye hoteli na lojing'i kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei, ambao mteja wao ni dereva.

8/ 2020 Mahakama Kuu ikasema amri hiyo ilivunja katiba. 2022 serikali ikaiondoa, mwenye mzigo akarudishiwa uhuru wa kuchagua.

9/ Tuwe wakweli pia: reli ina faida. Treni moja huondoa malori mengi kwa barabara ya Mombasa, na mwenye kusafiri usiku hapo anajua maana yake. Shida si treni. Shida ni kwamba mara tatu tumejenga ama kulinda reli kwanza, kisha mzigo ukatafutwa kwa nguvu ya serikali, na aliyeumia hakuulizwa.

10/ Kwa hivyo mtu akikuletea picha, muulize maswali manne:
– Ni tani ngapi kwa mwaka mzima, si kwa siku?
– Ni ngapi zilipanda treni kwa hiari?
– Kontena zinarudi na nini?
– Bei ni ya mpaka Nairobi, ama mpaka mlango wa godauni, pamoja na lori la kumalizia?

11/ Akijibu hayo manne, mko kwa mjadala, hata mkikosa kukubaliana. Akikutumia picha nyingine, ujue ameangalia tu meli imeingia siku gani.

Ukiwa umefanya kazi bandarini ama kwa trela, njoo hapa chini utueleze ulivyoiona 2019.