Oomisiti: Mla Viazi Asiye Kuvu

Mvua za itumba, yaani masika, zikikolea, mwezi wa Aprili, shamba la viazi mviringo kule Kanzenze, wilayani Rubavu, Rwanda, huweza kulala kijani likaamka na madoa. Geuza jani asubuhi kabla jua halijakausha umande. Upande wa juu utaona baka la kahawia lenye ukingo uliopauka, umelowa maji. Upande wa chini, kuzunguka baka hilo, kuna utandu mweupe mwembamba ambao ukirudi saa sita huenda usiuone tena. Mkulima wa hapo, anayesema Kinyarwanda nyumbani na Kiswahili akivuka kwenda Goma, ana jina la ugonjwa huo: imvura, yaani mvua. Waliosomea kilimo kwa Kifaransa husema mildiou. Bwana shamba wa Tanzania atakuambia ni bakajani chelewa. Waulize wote watatu ni kiumbe gani kinacholeta ugonjwa, na wengi watajibu neno moja: kuvu.

Si kuvu. Kiumbe chenyewe kinaitwa Phytophthora infestans, jina lililotolewa na Mjerumani Anton de Bary mwaka 1876, na sehemu yake ya kwanza imeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya kiangamiza mimea. Ndicho kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo. Kwa muda mrefu wanasayansi nao walikihesabu miongoni mwa kuvu, na huwezi kuwalaumu: kina nyuzinyuzi, kinatoa spora, kinaotesha utandu juu ya jani. Lakini ukuta wa seli za kuvu umejengwa kwa kitini, ilhali wa kiumbe hiki una selulosi. Kukiwa na baridi, chini ya nyuzi 15 hivi, vifuko vyake vya spora hupasuka na kutoa vijispora vyenye mikia miwili, vikaogelea ndani ya tone la maji lililo juu ya jani hadi vipate pa kupenyea. Kuvu wanaoshambulia majani ya viazi hawaogelei. Ndugu wa karibu wa kiumbe hiki ni diatomu na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Paje na kwingineko Zanzibar ni mwekundu, kwa hiyo kinamama wa huko wasijihisi wanafuga jamaa wa imvura.)

Kundi zima la viumbe hao ndilo ninaloliita oomisiti. Neno hilo limetoholewa kutoka Kigiriki kupitia lugha za Ulaya, na najua litawakera wale wanaopenda istilahi inayojieleza yenyewe. Wanaweza kupendekeza kuvumaji, au ukungu wa maji. Naona yote mawili yanarudia kosa lilelile kwa Kiswahili fasaha. Hata jina la kisayansi halikunusurika, maana ukilitafsiri neno kwa neno unapata kuvu-yai, kwa sababu ya spora za duara zinazotokana na kuoana, jambo ambalo kwa kiumbe wetu wa viazi kwa kawaida huhitaji jinsia mbili tofauti zikutane. Tena yai lenyewe huku kwetu ni la nadra: tafiti za viazi vya Afrika Mashariki zimekuta kwa wingi ukoo mmoja unaoitwa 2_A1, ambao umeusukuma pembeni ukoo wa zamani, US-1. Ukoo wenye jinsia moja tu hujizidisha bila kuoana.

Kwa hiyo uzuri wa oomisiti ni kwamba haimwambii Mswahili chochote cha uongo. Neno ukungu limeshalemewa: ni la asubuhi yenye baridi, la ukuta wa bafu, la mkate uliolala. Kuvu nayo tunaihitaji kwa ajili ya kuvu wenyewe, pamoja na uyoga na hamira. Ama imvura, natamani ingewezekana kuichukua hivyo hivyo, kwa kuwa aliyelitunga jina hilo aliona kilicho muhimu, yaani maji juu ya jani. Lakini ni jina la ugonjwa, nasi hapa tunatafuta jina la kundi la viumbe.

Tofauti hii inafika dukani kwenye pembejeo. Bakajani ziko mbili katika Kiswahili cha mabwana shamba, tangulia na chelewa, na majina yanazifanya zionekane ndugu wa tumbo moja. Bakajani tangulia huletwa na Alternaria solani, kuvu halisi, nayo huchora duara ndani ya duara kwenye jani. Dawa za kundi la azoli huizuia kwa kuvuruga utengenezaji wa mafuta fulani ambayo kuvu huyahitaji katika utando wa seli. Oomisiti hazitengenezi mafuta hayo, basi azoli hazina pa kuzikamatia. Metalaksili ni kinyume chake: huzipiga oomisiti, na Alternaria huiacha inaendelea na shughuli zake. Mankozebu, inayokaa juu ya jani na kukinga, hufanya kazi kwa zote mbili ikiwahi kupulizwa, na nadhani ndiyo iliyotuzoesha kusema kuvu bila kupata hasara ya haraka.

Mtandaoni hasara inaonekana upesi zaidi. Mwanafunzi wa Rubavu mwenye simu akiandika fangasi, atapelekwa kwenye ngozi na kucha za miguu. Akiandika Phytophthora infestans, milango inafunguka: jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2009, ya takriban herufi milioni 240, kanzidata ya GenBank, ramani za koo zake kwenye EuroBlight, na maelezo mafupi kwa wakulima ya PlantwisePlus, mpango wa shirika la CABI. Atashangaa kuikuta pia kwenye Index Fungorum na MycoBank, ambazo ni kanzidata za majina ya kuvu. Asidhani nimemdanganya. Kanuni za kimataifa za majina zinaziweka oomisiti pamoja na kuvu kwa sababu ya historia. Asome mstari wa uainishaji: Index Fungorum yenyewe inaiandika chini ya Chromista, himaya nyingine.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kwa hiyo maelezo ya pembejeo na vitabu vya shule vitazidi kulihitaji neno hili. Kisarufi halina taabu: oomisiti hii, oomisiti hizi, katika ngeli ya I-ZI. Wala halitaishia kwenye viazi. Pythium, inayoozesha mizizi ya maharage na iliyowasumbua sana wakulima wa Rwanda, ni oomisiti pia, na maharage ndiyo mara nyingi hupandwa palepale viazi vikishang'olewa.