Skurubu au saruji: Jinsi ya kuchagua njia ya kushikiza jino la kupandikizwa

MKAZI wa Kitisuru, jijini Nairobi, anayepania kuziba pengo kwa jino la kupandikizwa anafaa kumuuliza daktari swali moja mapema: taji litashikizwa kwa njia gani?

Jino hilo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipandikizi, yaani skurubu ya titaniamu inayotiwa ndani ya mfupa wa taya. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alimtibu mgonjwa wake wa kwanza kwa njia hiyo mnamo 1965. Ya pili ni nguzo inayochomoza kwenye ufizi, na ya tatu ni taji, jino lenyewe linaloonekana.

Kwa kawaida mfupa huachwa miezi 3 hadi 6 ushikamane na kipandikizi kabla ya taji kuwekwa.

Taji likifungwa kwa skurubu, daktari anaweza kulifungua, kulisafisha au kulitengeneza, kisha kulirejesha. Tundu lake huzibwa kwa kijazo cha rangi ya jino. Hata hivyo, skurubu hulegea mara nyingine, na kipandikizi kikiinamia mbele, tundu huenda likaonekana mtu anapotabasamu.

Taji la saruji halina tundu, hivyo hupendeza kwa meno ya mbele. Hatari yake ni saruji inayosalia chini ya ufizi. Mabaki hayo huwa makao ya bakteria. Ufizi huvimba, hutoa damu au usaha, na mfupa huweza kulika hadi kipandikizi kikang'oka. Aidha, likiharibika, taji hilo huenda likalazimika kukatwa.

Kwa sababu hiyo, skurubu hupendelewa kwa meno ya nyuma na kwa aliyewahi kuugua ufizi. Saruji ikitumiwa, iwe ya aina inayoonekana kwenye eksirei, na picha ipigwe kuthibitisha hakuna mabaki.

Kwa anayefanya kazi Gigiri na huenda akahamishiwa ng'ambo, skurubu ina faida zaidi: daktari wa huko ataweza kulifungua taji, mradi anajua kampuni iliyotengeneza kipandikizi na vipimo vyake. Omba maelezo hayo kwa maandishi.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini (KMPDC). Na ufizi ukitoa damu baadaye, usingoje maumivu. Rudi kliniki mara moja.