Tornado ya Dmitrov: Habari za Wanawake wa Hoki ya Barafuni

Dmitrov ni mji mkongwe, ulioasisiwa mwaka 1154 na mwanamfalme Yuri Dolgoruky kiasi cha kilomita 65 kaskazini ya Moscow, na katika dahari hiyo yote jina lake halikusikika sana nje ya Urusi isipokuwa kwa habari nzito: kwamba hapo ndipo alipofariki mwaka 1921 Peter Kropotkin, mwanafalsafa aliyezaliwa katika jamaa ya kifalme akaukana ufalme, kwamba hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya kambi za wafungwa waliochimba, kati ya mwaka 1932 na 1937, mfereji unaoyaleta maji ya mto Volga mpaka Moscow, na kwamba mwishoni mwa Novemba 1941 majeshi ya Wajerumani yalilishika daraja la Yakhroma, jirani kabisa na mji huo, kisha yakarudishwa nyuma. Katika mji huo, mwaka 2006, iliundwa timu ya wanawake ya hoki ya barafuni, ikapewa jina la Tornado, na kabla ya miaka mingi kupita ilikuwa imekwisha kuvikwa taji la Ulaya.

Ili msomaji aupime ukubwa wa jambo hilo, yampasa akumbuke jinsi mlango wa mchezo huu ulivyochelewa kufunguliwa kwa wanawake wa nchi hiyo. Wanaume wa Umoja wa Kisovieti walianza mashindano yao ya ubingwa mwaka 1946, na miaka kumi tu baadaye, mwaka 1956, wakatwaa dhahabu ya Olimpiki. Tangu hapo hoki ikawa fahari ya dola, ikafundishwa kwa elimu na nidhamu isiyokuwa na mfano. Msichana aliyependa barafu alielekezwa kwingine. Anatoly Tarasov, mwalimu ambaye Warusi humhesabu kuwa baba wa hoki yao, alikuwa na binti, Tatiana Tarasova, lakini jina alilolipata binti huyo, nalo ni jina kubwa kweli, alilipata kwa kufundisha mchezo wa kuteleza kwa madaha, si kwa gongo. Mataifa yalipokusanyika Ottawa mwaka 1990 kwa mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya wanawake, Wasovieti hawakuwamo. Timu ya taifa ya wanawake wa Urusi haikuundwa mpaka mwaka 1994, wakati dola yenyewe imekwisha kuvunjika na hazina zimekauka; na hoki ya wanawake ilipoingizwa katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, Urusi ilibaki nje. Basi ilistaajabisha wengi kwamba wanawake hao hao, miaka mitatu baadaye, walitoka Minneapolis na nishani ya shaba ya dunia.

Mchezo wenyewe hauna rehema. Wachezaji sita kila upande, mlinda lango akiwa mmoja wao, wanakifukuzia kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito usiozidi gramu 170, juu ya uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 60, kwa vipindi vitatu vya dakika ishirini ishirini. Wanawake walikatazwa, baada ya Ottawa, kukumbana kifua kwa kifua kama wafanyavyo wanaume, na uso wao sharti ufunikwe wote. Lakini asidhani mtu kwamba marufuku hayo yameupoza mchezo, kwa maana nguvu iliyozuiwa katika kukumbana imehamia katika kasi ya miguu na wepesi wa mkono.

Tornado ilipozaliwa, bingwa wa kuogopwa alikuwa SKIF ya Nizhny Novgorod, na kwa takriban miaka kumi historia ya hoki ya wanawake nchini humo ni historia ya taji linalopokezanwa baina ya timu hizo mbili. SKIF ndiyo iliyotangulia kulileta Urusi Kombe la Mabingwa wa Ulaya, katika msimu wa 2008–09, baada ya AIK ya Stockholm kulishika kwa miaka minne mfululizo. Msimu uliofuata kombe likaenda Dmitrov. Mwaka mmoja likachukuliwa na Ilves ya Tampere. Kisha Tornado wakalirudisha, wakalishika misimu mitatu bila kuliachia, mpaka 2013–14. Mashindano yalipofutwa baada ya msimu wa 2014–15, hesabu ilikuwa AIK mara nne na Tornado mara nne.

Mimi naona siri ya ushindi huo haikuwa katika barafu peke yake, bali katika ijara. Tuangalie hali ilivyokuwa kwingine: ligi ya wanawake ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kukusanya mahodari wakubwa wa dunia, haikuwalipa wachezaji wake mshahara mpaka mwaka 2017, na mabingwa wa Olimpiki walifanya mazoezi usiku baada ya kutoka kazini. Nchini Urusi, ambako timu za michezo aghalabu huishi kwa fungu la serikali ya mkoa au la kampuni kubwa, mwanamke aliweza kulipwa kwa kucheza hoki, akalala na kuamka akiwa mchezaji na si kitu kingine. Mpango huo una hatari yake, na hatari hiyo ni kubwa, kwani likiondoka fungu timu huondoka nalo. Walakini kwa msichana wa Urals au wa Siberia aliyekuwa akicheza na wavulana mtaani, mshahara ule ulikuwa ithibati ya kwanza kwamba nchi inaihesabu kazi yake kuwa ni kazi.

Matunda yake yalionekana katika timu ya taifa. Mwaka 2013 Warusi waliwashinda Wafini 2–0 mjini Ottawa wakapata shaba nyingine ya dunia, na mwaka 2016, huko Kamloops, wakaipata ya tatu kwa kuwashinda Wafini wale wale. Katikati ya nishani hizo mbili ilikuja Olimpiki ya Sochi, 2014, na sioni timu iliyobeba historia yake waziwazi kama ile: alikuwamo Yekaterina Smolentseva wa Tornado, aliyekuwa amecheza Olimpiki tangu Salt Lake City mwaka 2002, alikuwamo Yekaterina Pashkevich, mwenye umri wa miaka 41, wa kizazi kilichojifunza hoki wakati hapakuwa na timu ya taifa ya kuichezea, na alikuwamo Anna Shokhina, mshambuliaji aliyekuzwa na Tornado, mwenye miaka 16. Waliwashinda Wajerumani, Wajapani na Wasweden, kisha wakatolewa na Uswisi katika robo fainali.

Mwaka 2015 iliundwa Ligi ya Hoki ya Wanawake, na Tornado wakatwaa ubingwa wake wa kwanza na wa pili. Safari zake ni za kuchosha, maana Krasnoyarsk, makao ya timu ya Biryusa, iko zaidi ya kilomita 4,000 kwa reli kutoka Moscow. Baada ya 2017 nguvu zikahamia Ufa, katika Bashkortostan, kwa timu ya Agidel, chini ya nahodha Olga Sosina, ambaye kwa maoni yangu hajapata kuzaliwa Mrusi aliyemzidi katika mchezo huu. Kisha mwaka 2019 wakaingia Wachina: KRS Vanke Rays ya Shenzhen, iliyobaki bila ligi baada ya ile ya Kanada kufungwa, ilikuja Urusi pamoja na wachezaji wake wa kutoka Amerika, ikatwaa taji msimu huo huo, na maradhi ya korona yalipofunga mipaka ikahamia Stupino, katika mkoa ule ule wa Moscow ulimo Dmitrov.

Tarehe 28 Februari 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, shirikisho la kimataifa lilizifungia timu zote za Urusi na Belarus. Ligi imeendelea ndani ya mipaka, mishahara inalipwa, barafu inamwagiwa maji na kulainishwa kila jioni, lakini timu ya taifa haina wa kushindana naye mwenye nishani mkononi. Olimpiki ya Milano na Cortina ya mwaka 2026 ilipangwa bila hoki ya Urusi, ya wanaume wala ya wanawake. Shokhina, aliyeingia Sochi akiwa mtoto, alikuwa na miaka 28 wakati huo, umri ambao mshambuliaji wa hoki huwa katika ukamilifu wa nguvu zake.