Kahawa, Kikao na Haraka Zetu



Ndugu zetu wasomaji, miaka michache iliyopita tulimzika mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Kampala. Kila siku baada ya swala ya alasiri mzee huyo alikuwa akikaa kibarazani pembeni ya msikiti, birika lake la shaba likiwa juu ya makaa, na kila aliyepita alimwita: "Njoo ukae kidogo mwanangu, kahawa ipo." Wengi wetu tulimjibu hali tumeshashika ufunguo wa pikipiki mkononi: "Kesho mzee, inshaallah."

Baada ya maziko tukataka kuandika historia fupi ya msikiti wetu ili watoto waisome. Hapo ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyejua sawasawa ni nani aliyetoa kiwanja, wala ni nani waliobeba matofali ya mwanzo. Yeye alijua. Alikuwa akiyasimulia kila jioni kwenye kahawa ile, na sisi tulikuwa na haraka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: hiki kikao cha kahawa kilitoka wapi, na kwa nini wazee wetu walikithamini hivyo? Tukaanza kusoma, na tuliyoyapata tunapenda kuwashirikisha.

KAHAWA ILIANZA NA IBADA

Mti wa kahawa aina ya arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia. Lakini waliotufundisha kuiketia kahawa kama kinywaji ni Waislamu wa Yemen. Katika karne ya 15 masufi wa huko walikuwa wakiinywa ili wasisinzie katika dhikri na ibada za usiku. Bandari ya Mokha ikapata umaarufu kwa biashara hiyo, na mpaka leo msikiti wa Sheikh Ali bin Umar ash-Shadhili upo katika mji huo. Wenyeji wanamhesabu sheikh huyo kuwa ndiye aliyewaletea kahawa.

Mwanachuoni Abdulqadir al-Jaziri, aliyeandika kitabu kuhusu kahawa kiasi cha mwaka 1558, ametuhifadhia habari ya jinsi Wayemeni waliokuwa wakiishi karibu na Al-Azhar mjini Cairo walivyokuwa wakiinywa mwanzoni mwa karne ya 16. Walikutana usiku wa kuamkia Jumatatu na usiku wa kuamkia Ijumaa. Kahawa iliwekwa katika chombo kikubwa cha udongo mwekundu. Kiongozi wao aliteka kwa kata ndogo na kumpa kila mmoja, akianzia kulia, huku wote wakimtaja Mwenyezi Mungu kwa pamoja.

Tutazame hapo, ndugu zetu. Chombo kilikuwa kimoja, na kata ilikuwa moja. Aliyekaa mwisho wa mstari alilazimika kusubiri mpaka wenzake wote wapate. Hakuna aliyeweza kuinywa kahawa ile huku akikimbia.

MKASA WA MAKKA, 1511

Mwezi wa Juni mwaka 1511 (917 Hijria) mkaguzi wa masoko wa Makka, kwa jina Kha'ir Beg, alikuwa akitoka katika Msikiti Mtukufu usiku. Akaona watu wamekusanyika na taa zao, wanapeana kinywaji. Walipomwona wakazizima taa. Akauliza, akaambiwa ni kahawa.

Kesho yake akawaita wanazuoni na matabibu waijadili. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja barazani alidai kwamba kahawa inalevya sawasawa na mvinyo. Watu wakacheka, kwani angejuaje kama hakuwahi kuuonja huo mvinyo? Alipoulizwa akakiri kuwa aliwahi kuunywa, naye akaadhibiwa kwa ulimi wake mwenyewe! Hata hivyo kahawa ikapigwa marufuku Makka, na buni iliyopatikana ikachomwa moto. Lakini jibu lilipokuja kutoka Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghawri, lilikataza maovu ya mikusanyiko. Kahawa yenyewe halikuiharamisha. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg aliondolewa katika kazi yake.

Sisi tunaona jambo moja hapa. Mjadala ule ulikuwa juu ya kinywaji, lakini kilichokuwa kikiwatia watu wasiwasi ni kile kikao: watu kuketi pamoja usiku, bila ya haraka, na kuzungumza.

Na tuseme kweli, wasiwasi ule haukuwa bure kabisa. Mwanahistoria wa Kiothmania Pechevi ameandika kwamba kiasi cha mwaka 1555 watu wawili kutoka Sham, mmoja wa Halab na mwingine wa Damascus, walifungua mikahawa ya kwanza mjini Istanbul. Haukupita muda malalamiko yakaanza: watu wanajaa kwenye kahawa na misikiti inabaki mitupu. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru mikahawa ifungwe. Kwa hiyo kukaa peke yake si ibada. Mtu anaweza kukaa na kusengenya, na anaweza kukaa na kujifunza.

KAHAWA YETU WENYEWE

Huku kwetu Uganda tuna neema ya pekee. Kahawa aina ya robusta inamea yenyewe katika misitu yetu tangu zamani. Kabla ya mgeni yeyote kufika, Waganda walikuwa wakichemsha matunda yake mabichi pamoja na majani ya harufu nzuri, wakiyakausha na kuyatafuna. Mgeni alipoingia nyumbani aliletewa emmwanyi katika kikapu kidogo, naye alichukua chache akatafuna taratibu huku habari zikiulizwa. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu Wahaya wa Bukoba. Punje mbili zinazokaa ndani ya tunda moja zilikuwa alama ya undugu, na watu waliotaka kuwa ndugu walikula kiapo kwa kugawana punje hizo. (Kiapo kile kilitumia damu, jambo ambalo sheria yetu hairuhusu, lakini maana ya undugu ndani yake inaeleweka.)

Mwaka 1844, alipofika mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, tukio linalohesabiwa kuwa mwanzo wa Uislamu Buganda, alikuta watu ambao tayari walikuwa na kahawa yao na adabu yake. Desturi mbili zilikutana, ya kunywa na ya kutafuna, na zote mbili zilimwambia mgeni neno moja: kaa.

Na leo? Uganda ni miongoni mwa nchi zinazouza kahawa nyingi zaidi Afrika, na ndugu zetu wa Burundi na Rwanda nao wanailima kwa bidii. Sisi tunaichuma, tunaianika, tunaipakia kwenye magunia na kuisafirisha. Tunakunywa chai tukiwa tumesimama, na emmwanyi tunaziona harusini. Mwaka 2015 UNESCO iliiingiza desturi ya kahawa ya Kiarabu, kwa ombi la Oman, Saudi Arabia, Imarati na Qatar, katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wenzetu wameona kuwa kumkaribisha mgeni kwa kahawa ni jambo la kulindwa lisipotee.

SUNNA YA UTULIVU

Wala hili si jambo geni katika dini yetu. Mtume wetu (SAW) alikuwa akinywa kwa pumzi tatu, akipumua nje ya chombo, kama alivyopokea Anas (RA). Alipomaliza kunywa yeye, alimpa aliye kuliani kwake kwanza, hata kama kushoto amekaa Abubakar (RA). Na hata kwenye swala ametufundisha kwamba tukisikia iqama tusikimbie, bali twende kwa utulivu, tulichokiwahi tuswali na kilichotupita tukikamilishe. Kama tumekatazwa kukimbilia swala, basi haraka zetu za barabarani tutazitolea hoja gani? Wahenga nao walisema: haraka haraka haina baraka.

TUFANYE NINI?

Katika familia kadhaa za jumuiya yetu tumeanza jambo dogo. Jumamosi baina ya alasiri na magharibi simu zinawekwa kabatini. Watoto wanakaanga buni wenyewe, wanatwanga pamoja na tangawizi na iliki, na wanahudumia kuanzia kulia. Bibi au babu anapewa nafasi ya kusimulia, na kijana mmoja ana daftari. Mara ya kwanza watoto walichoka upesi, na tukubali kuwa hata sisi wazazi tulikuwa tukilitazama kabati. Mara ya nne, bibi mmoja alitaja majina matatu ya wanawake waliokuwa wakipika chakula cha mafundi msikiti ulipokuwa ukijengwa. Hatukuwa tumewahi kuyasikia. Sasa yameandikwa.

Ya mzee wetu hatutayapata tena. Lakini kila msikiti una mzee wake, na kila nyumba ina bibi yake. Akikuita leo kwenye kahawa, ewe ndugu yetu, usimwambie kesho.

Tunamuomba Allah amrehemu mzee wetu na wazee wetu wote waliotangulia, atutilie baraka katika nyakati zetu, na atujaalie tuwe wenye kushukuru neema zake ndogo na kubwa. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.