Mto Ulikuwa Hapa Kwanza

Wasee, kila mvua ikipiga Nairobi tunashangaa kama wageni. Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika 1899, wakoloni walijenga kituo kwenye kinamasi. Baada ya tauni ya 1902 madaktari walitaka mji uhamishwe. Wapi! El Niño ya 1997 ikaja, tukasahau. Aprili 2024 mto Mathare ukaingia kwa nyumba usiku, watu wakafa, kisha matingatinga ya serikali yakabomoa zilizobaki.

Mimi nimelelewa bondeni. Najua kwa nini watu hukaa pale: kodi ni nafuu na kazi iko karibu. Kwa hivyo msiwatukane. Muulizeni aliyegawa ile ardhi, na aliyeweka sahihi.